UZI: Gari za siti saba za familia (Vanguard, X-Trail, Outlander, Kluger, Prado, CX-8). Kabla hujatoa hela, kaa kwanza siti ya nyuma kabisa

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za majukumu.

Kila wiki naona mtu anauliza gari ya familia ya siti saba achukue ipi, na majibu ni yaleyale, kama una hela chukua Prado, kama huna chukua Vanguard, mjadala umefungwa. Mimi nimezunguka sana yadi za hapa Dar kabla ya kuamua, nimeendesha baadhi ya hizi gari na nyingine nimesafiri nazo kama abiria, tena abiria wa nyuma kabisa kule ambako mwenye gari huwa hakai. Naomba niandike kwa urefu maana hela inayoenda hapa ni ya miaka mingi ya jasho la mtu.

Kwanza acheni kuuliza gari ipi ina siti saba, zote hizo zina matoleo ya siti saba. Uliza nani atakaa mstari wa tatu na atakaa masaa mangapi. Kama ni dogo wa miaka sita anatoka Tabata kwenda shule Upanga na kurudi hiyo ni habari moja, kama ni bi mkubwa mwenye magoti na mnapanda Moshi Desemba, zaidi ya km 500, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, na joto lile la Mwanga, hiyo ni habari nyingine kabisa na gari yake ni nyingine.

Namba ambayo watu hawaangalii ni umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, maana ndio inakwambia mistari mitatu ya siti imegawana nafasi kiasi gani. Vanguard ni mm 2660, Outlander 2670, X-Trail ile T32 (hiyo ni namba ya toleo) ni 2705, Kluger ya zamani 2715, Prado 120 na 150 zote 2790, Mazda CX-8 ni 2930. Ukiziona hivyo unaelewa kwanini CX-8 ndio pekee hapo ambayo Mazda wenyewe walidiriki kusema mtu wa cm 170 anakaa nyuma kabisa. Nimekaa kweli, anakaa.

Sasa Prado ni ya pili kwa namba ila ukikaa nyuma hushangai kidogo, unashangaa sana. Sababu ni kwamba Prado imekaa juu ya chesisi ya chuma na difu la nyuma liko chini ya hizo siti, kwa hiyo sakafu ya nyuma iko juu halafu siti yenyewe iko chini, magoti yanapanda mpaka kifuani. Mtu mzima anavumilia Posta hadi Mbezi, Dodoma hafiki bila kuomba msimame. Nasema hivi nikiwa naiheshimu Prado kuliko gari nyingi, kwa njia mbovu na kudumu haina mpinzani kwenye hii orodha, ila kama umeinunua kwa ajili ya mstari wa tatu umenunua sifa ambayo sio yake.

Vanguard na X-Trail mstari wa tatu ni wa watoto, tuseme ukweli. Vanguard siti za kati zinasogea mbele na nyuma, ukizisogeza mbele watoto wanapata pa kuweka miguu ila wa kati wanabanwa, ni kugawana umaskini. Outlander ile ya zamani, CW5W, mstari wa tatu ni kibenchi chembamba kinachotoka sakafuni, unakaa kama umechuchumaa, ya kuanzia 2012 imeboreshwa lakini bado ni ya watoto. Kluger ile iliyotengenezwa Japani 2000 mpaka 2007 ina nafasi ya kawaida tu ila bodi pana, watu wa kati wanapumua.

Kingine ni buti. Ukiinua mstari wa tatu, kwenye nyingi ya hizi hakuna buti, kuna mwanya wa mabegi ya shule. Kwa hiyo watu saba na safari maana yake ni keria juu, na keria juu maana yake ni uzito zaidi na upepo zaidi na wese zaidi. CX-8 kidogo ina pa kuweka, hizo nyingine msijidanganye.

Na kuhusu uzito kuna jambo linanisumbua sana. Kwenye karatasi za Kijapani uzito wa jumla wa gari unapatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu ukaongeza kilo 55 kwa kila abiria, mizigo haimo. Watu saba kwa hesabu yao ni kilo 385. Sasa chukua familia ya watu wazima ya kwetu, saba mara kilo 75 ni 525, hapo hujaweka mchele, ndizi na ndoo ya mafuta. Gari ya 2.0 inayojisikia nyepesi ukiwa peke yako Mikocheni ni gari nyingine kabisa ikiwa na huo mzigo inapanda Kitonga.

Maswali karibuni, na wenye uzoefu tofauti mwageni.

#2 Mdau, Mbeya

Mkuu umeongea ukweli mtupu kuhusu Kitonga. Mimi ni mtu wa Mbeya-Dar, ile barabara ni kama km 830 na nimeona gari ngapi pale mlimani zimewasha hazadi, boneti juu, familia imekaa pembeni ya barabara na malori yanapita. Nyingi ni za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, zilizojazwa mpaka mlangoni. Naomba ufafanue hapo kwenye gia boksi maana wengi wanadhani CVT ni mbovu tu.

#3 Fundi

Hapo niingie mimi, nafanya kazi gereji Ilala miaka mingi.

CVT sio mbovu, inauawa. Vanguard ya 2.4 ni CVT, X-Trail T32 ni CVT, Outlander ni CVT. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, unachoulinda ni oili yake na joto lake, basi. X-Trail T32 inataka oili ya NS-3, Vanguard inataka CVT ya Toyota yenye alama ya TC. Sasa mteja anaenda mahali anamwagiwa ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwasababu ni nyekundu na bei poa, miezi inapita gari inaanza kuvuma kama pangaboi, halafu anakuja kuniambia Nissan hawajui kutengeneza gari. Ukinunua gari yadi mwaga oili ya gia boksi hata kama dalali anaapa kwa jina la mama yake, weka inayotakiwa, na safari ya mzigo usikanyage mafuta mpaka chini kwenye mlima mrefu, tafuta mwendo ambao injini haipigi kelele, kaa hapo nyuma ya lori kwa amani. Kushuka pia weka gia ndogo, zote zina sehemu hiyo, usishuke Kitonga kwa breki peke yake na watu saba.

Kuhusu injini. 2AZ-FE, yaani 2.4 iliyomo kwenye Vanguard, Kluger na Alphard ya zamani, ni injini nzuri ila kuna kipindi zilitoka na pistoni na ringi ambazo tundu zake za kurudishia oili zinazibwa na uchafu, gari inaanza kula oili. Sio uzushi, Toyota Marekani waliongeza dhamana kwa ajili ya hilo kwa magari ya miaka ya kati ya 2006 na 2009. Kwa hiyo ukiangalia Vanguard chomoa kijiti cha oili mwenyewe, waambie waiwashe ikiwa baridi kabisa asubuhi, mtu asimame nyuma aangalie moshi wa bluu. Ukikuta imeshawashwa ukiwa njiani unakuja, rudi kesho.

Kluger ya 3.0 V6, 1MZ, inatumia mkanda wa taimingi sio cheni, mkanda unabadilishwa, uliza umebadilishwa lini na usikubali jibu la "bado mzima".

Prado diseli ya 3.0, 1KD, angalia nozeli na washa zake, vile viringi vya kuzibia chini ya nozeli. Washa ikivujisha masizi yanashuka kwenye oili yanaziba chujio la chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, injini inakosa oili wakati kijiti kinaonyesha imejaa. Zimekufa nyingi hivyo. Prado petroli ya 2.7 inakula wese, ni nzito kuondoka, lakini ni injini ambayo hata fundi wa Tunduma anaijua. Kama mtu haelewi diseli za kisasa namshauri 2.7 bila kusita.

#4 Mdau, Nairobi

Wasalaam wandugu, huku Nairobi mambo ni tofauti kidogo na nafikiri itawasaidia hata nyinyi. Sisi sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, so Vanguard ya kutoka Japani hatupati tena kwasababu walikoma kuitengeneza 2013. Zile ziko barabarani ni zenye zishatumika hapa, unanunua ya mtu, na bei bado iko juu sana kwa gari ya umri huo. Watu wamehamia X-Trail T32, Outlander mpya na CX-8. Prado ya diseli ya 2.8 ushuru wa bidhaa unaipiga asilimia 35 kwasababu diseli ikipita cc 2500 inaingia kundi la juu, ile ya petroli 2.7 inabaki 25. Hiyo tofauti peke yake ni pesa ya kusomesha mtoto.

Mimi niko na CX-8 ya diseli ya 2.2. Barabara kuu hadi Kisumu ni raha tupu, inavuta, watoto wakubwa wanakaa nyuma bila kelele. Shida ni kukaa nayo kwa jam ya mjini tu. Diseli hizi ziko na chujio la masizi kwa ekzosi, linajisafisha gari ikikimbia vizuri kwa muda, ukiwa ni mtu wa Westlands-Kilimani kila siku linaziba. Kama hutoki mjini chukua ya petroli 2.5.

#5 Mleta uzi

Asante sana jirani, na umenikumbusha ushuru wa huku kwetu. TRA hawakatazi gari ya zamani ila wanaitoza. Juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18, kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, cc 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10, halafu kuna ule wa uchakavu, miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi 10 ni 30. Sasa piga hesabu. Vanguard zote zimeshavuka miaka kumi, kila moja unayoagiza leo inabeba hiyo 30 na ni cc 2362 kwa hiyo inabeba na ile 10. X-Trail T32 ya miaka ya karibuni ni cc 1997, inabeba 5 tu na uchakavu hauna. Kwenye tovuti ya Japani utaona X-Trail ni ghali mara mbili ukakata tamaa, ila ikishatua Dar na kulipiwa kila kitu tofauti inakuwa imepungua sana na unapata gari changa zaidi. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA weka gari zote mbili ndio uamue, usiamue kwa bei ya tovuti.

Kuhusu chujio la masizi, hilo hilo liko kwenye Prado 2.8 ya kuanzia 2015. Diseli yetu imekuwa ya salfa ndogo, ppm 50, tangu 2015 Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo tatizo kubwa ni foleni na safari fupi, na pia wese la kwenye madumu usiweke kwenye hizi gari kabisa.

#6 Dada, Dodoma

Samahani kaka zangu, mnaongelea injini sana na ni sawa, ila mimi ndio nashinda na watoto ndani ya gari naomba niongee. Nina watatu, wawili bado wanakaa kwenye siti zao za watoto. Hizo siti unafunga mstari wa kati, ndiko zile ndoano za kufungia ziliko. Sasa ukishafunga mbili, ile siti ya kati ya kukunja ili mtu apite kwenda nyuma haikunji tena, siti ya mtoto imeizuia. Mtoto wa tatu anapitia buti au anapandia juu ya mwenzake. Hakuna mwenye yadi aliyenieleza hili. Nawaomba mkienda kununua bebeni siti ya mtoto kabisa mkaifunge pale pale muone mtu anapitaje.

Na mikanda jamani. Siti za nyuma kabisa za gari nyingi za yadi mikanda imezama chini ya siti, au imekauka hairudi. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, funga, fungua. Vile vya kuegemea kichwa vinakuwa vimeshushwa ili kioo kionekane, vipandisheni, kichwa cha mtoto kule nyuma kipo karibu sana na kioo, mkigongwa kwa nyuma pale ndipo gari nyingine inapoingilia.

#7 Mleta uzi

Dada asante sana, huu mchango ningeuweka juu kabisa kama ingewezekana. Suluhisho la hapo ni mbili, siti za watoto ziwe upande mmoja na katikati kama upana unaruhusu, ili upande wa pili ubaki wa kukunja, na hapo Kluger na Prado kwa upana wao wanasaidia. Au CX-8 ya siti sita, baadhi zina njia katikati, mtoto anatembea mwenyewe mpaka nyuma.

Nyingine ninayoongezea ni hewa. Vanguard na X-Trail mtu wa nyuma kabisa anategemea AC ya mbele imfikie, ukiwa na watu saba na jua la saa nane Same haimfikii. Prado nyingi za siti saba zina kipoza cha nyuma chenye matundu juu, kiwashe pale yadi ukisikilizie kwa mkono, kisiwe kinapuliza tu upepo wa moto. Na mlango wa nyuma wa Prado na Vanguard unafunguka kwa ubavu, ukipaki umebanwa na gari nyuma yako hutoi hata kapu la sokoni, ingawa Prado kioo kinafunguka peke yake.

#8 Mdau, Songea

Mbona hakuna aliyeitaja Fortuner? Huku kwetu ukitoka lami kwenda kijijini masika hizo X-Trail zenu zinabaki barabara kuu. Fortuner ni Hilux yenye siti saba, chesisi ileile, 2.7 ileile ya Prado au diseli, spea za Hilux ziko mpaka vijijini. Siti za nyuma zinakunjwa kwa pembeni, ni kweli zinakula buti, na inarusharusha ukiwa mtupu, ila ukipakia inatulia.

#9 Mdau, Kibaha

Mimi naona mnajitesa. Watu saba, barabara ya lami, chukua Noah au Alphard. Mlango wa kuteleza, bibi anaingia amesimama, nyuma wanakaa watu wazima, AC ya nyuma ipo. Habari ya kuonekana juu juu barabarani tuwaachie wengine.

#10 Mleta uzi

Mkuu wa Songea umenisahihisha vizuri, Fortuner inastahili kuwepo, na kwa mtu wa vijijini naiweka sawa na Prado na kwa bei inaweza kuwa afadhali.

Mkuu wa Kibaha, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Kama siti zote saba zinajaa kila siku na huendi porini, Alphard inazishinda hizi zote kwa nafasi, na ile ya zamani ya 2.4 ni injini ileile ya Vanguard kwa hiyo mambo ya oili aliyosema fundi yanaihusu. Kinachowapeleka watu kwenye hizi za juu ni matuta, mashimo na barabara ya nyumbani kwao mita mia tatu za mwisho. Hiyo ni sababu ya haki, sio ubishoo, Goba na Kinyerezi masika wanajua nasema nini.

#11 Mdau, Mwanza

Shkamoo wakubwa. Mimi niko Mwanza, mke na watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 mdogo 2, na mama yangu anakaa na sisi. Safari kubwa ni Bukoba mara moja moja na shule kila siku. Nilikuwa nimeshakaribia kulipia Vanguard ya 2009. Mnanishaurije?

#12 Fundi

Marahaba. Ya 2009 subiri kwanza. Mwombe muuzaji video ya kuwashwa ikiwa baridi na kijiti cha oili, na uulize imetembea na oili ipi ya gia boksi. Akizunguka zunguka achana nayo.

#13 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Wewe mko saba kamili kila siku na wawili kati yenu ni watu ambao hawawezi kukaa nyuma, mama kwa umri na huyo wa miaka 2 kwa siti yake. Hiyo inaacha nyuma kabisa watoto wawili wa kati, na wa miaka 13 anakaa mstari wa pili na bibi yake na mdogo. Kwa mpangilio huo X-Trail T32 inawabeba sasa hivi, ila miaka mitatu ijayo wale wa nyuma wamerefuka na itaanza ugomvi. Kwa hiyo kama unabadilisha gari mapema chukua T32 ya siti saba, hakikisha sio ile ya haibridi maana hiyo ni siti tano. Kama unataka gari ya miaka kumi jibane uongeze uchukue CX-8 ya petroli, kwa matumizi yako ya shule kila siku diseli haikufai. Prado sikupi kwenye hesabu hii, Mwanza-Bukoba ni lami na mstari wake wa tatu hautawafaa hao madogo wakifika sekondari.

Kabla ya yote nenda yadi yoyote hapo Mwanza yenye T32, beba familia nzima na siti ya mtoto, wakae wote saba, uendeshe kwenye matuta kama mawili matatu usikilize kama nyuma inagonga. Muulize mke wako na bibi wa watoto, sio dalali. Ukishapata gari unayoitaka Japani nitumie karatasi ya mnada PM kabla hujalipa, nitakusomea gredi na alama za bodi, na mkuu fundi nadhani hatakataa kuangalia pia.

#14 Fundi

Tuma tu, tutaiangalia wote. Na usilipe Ijumaa jioni kwa kukimbizwa, gari zipo.